Nimepima kwa wiki 8: usafi wa tenki la samaki unanichukua saa 2 na dakika 10 kila Jumamosi. Tusaidiane kuupunguza bila kuua samaki

#1 Mkazi wa Ilazo

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wafugaji wa samaki wa mapambo majumbani, hasa tuliopo Dodoma na jirani zetu wa Kongwa, Kondoa, Manyoni na Singida, ambako maji ni shida na yakipatikana yana chumvi.

Nina tenki la sentimita 90 kwa 40 kwa 45, kama lita 160 likijaa. Ndani kuna mbuna 14, samaki wa rangi wanaoishi miambani Ziwa Nyasa, mawe, na filta mbili za sponji. Kazi yangu iko Mtumba, narudi nyumbani giza limeshaingia, kwa hiyo usafi wote nauweka Jumamosi asubuhi. Mwezi wa tano mke wangu aliniambia kwa upole kabisa kwamba watoto wameacha kuniuliza tunakwenda wapi Jumamosi, kwa sababu jibu wanalijua. Neno hilo liliniingia. Nikaamua, kabla sijauza tenki au kulitetea, nijue kwanza muda unakwenda wapi.

Nikatumia saa ya kwenye simu. Kila hatua naanza kuhesabu, nikimaliza nasimamisha, naandika kwenye daftari. Jumamosi 8 mfululizo. Wastani ukatoka dakika 130, na zinagawanyika hivi. Kuchota maji kwenye simtenki nje, kuyabeba, kuyachanganya na ya moto yalingane joto na ya kwenye tenki, kuyamimina: dakika 52. Kutafuta vifaa na kutandika mataulo: 12. Kusugua vioo: 16. Kuvuta uchafu kwenye changarawe kwa mpira: 15. Filta: 15. Kupiga deki, kuosha ndoo na kuanika: 20.

Hebu tazameni. Muda ambao mikono yangu iko kwenye kazi ya tenki lenyewe, yaani vioo, changarawe na filta, ni dakika 46 tu. Dakika 84 ni ndoo, mlango, korido na sakafu. Miaka yote nilikuwa naamini samaki ndio wanaonichosha. Kumbe ni safari ya kutoka kwenye simtenki hadi sebuleni, nikibeba lita 40 kwa ndoo mbili za lita 20, na kutoa lita 40 nyingine chafu.

Nawaomba wenye uzoefu: ninyi inawachukua muda gani kwa wiki, na mmepunguzaje? Sitaki njia za mkato zitakazoua samaki. Hilo lilishanipata, nitalieleza chini mtu akiuliza.

#2 Nzuguni Njia Panda

Mkuu shikamoo na asante kwa uzi. Mimi ni mgeni, nina tenki la lita 60, gapi (wale samaki wadogo wa mapambo) kama 20. Swali langu ni la moja kwa moja: kwa nini kila wiki? Mimi maji yakipungua naongeza tu. Huu mwezi wa tatu sijabadilisha na maji ni meupe kabisa, samaki wanakula. Si ungefanya mara moja kwa mwezi ukapumzika?

#3 Mkazi wa Ilazo

Marahaba mdogo wangu. Hapo ndipo palipoangamiza samaki wa wengi, ngoja nieleze kwa kirefu.

Samaki anatoa amonia, kwenye matamvua na kwenye kinyesi. Chakula kilichobaki nacho kikioza kinatoa amonia. Kwenye sponji na changarawe kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti zinaua haraka. Nitrati ni pole zaidi, lakini kwenye tenki la kawaida haina pa kwenda. Inarundikana wiki hadi wiki, na huioni kwa macho. Maji meupe hayakwambii chochote.

Kuhusu kuongeza maji yaliyopungua: maji yakikauka, chumvi na nitrati hazipandi angani pamoja nayo, zinabaki. Kisha wewe unaongeza maji ya bomba yenye chumvi yake. Tenki langu lina eneo la juu la sentimita za mraba 3,600, kwa hiyo kila sentimita moja ikishuka ni lita 3.6 zimekwenda. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, upepo ule mkavu ukivuma, naona likishuka sentimita 3 kwa wiki, karibu lita 11. Nilipokuwa Dar sikuwahi kuona kitu kama hicho, hewa ya kule ina unyevu. Hapa mfugaji asiyetoa maji bali anaongeza tu anapika supu, kila wiki inazidi kuwa nzito.

#4 Mwisho wa Reli

Mtoa mada yuko sahihi. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, niko Dodoma tangu 2019, nafuga wa Tanganyika. Niongeze mambo mawili.

Kwanza, msiyalaani sana maji ya Dodoma. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inatoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mnajua birika zenu zinavyoota ukoko mweupe. Maji ya namna hiyo ni magumu, yaani yana madini mengi, na samaki wa Tanganyika na Nyasa wamezaliwa kwenye maji magumu. Ziwa Tanganyika pH yake, kile kipimo cha uasidi wa maji, inakaribia 9. Wafugaji wa nchi nyingine wananunua chumvi maalumu ili wayafanye maji yao yafanane na yale ambayo sisi tunafungua bomba tu. Gapi nao wanayapenda. Anayehangaika ni yule anayetaka samaki wa mito ya Amazon.

Pili, ubaya wake ni huu: kwenye pH ya juu amonia inakuwa kali. Kwa joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kwenye pH 8 ni karibu mara kumi ya ile ya kwenye pH 7. Kosa dogo la filta ambalo mtu wa maji laini angelivuka salama, hapa linakuzikia tenki zima. Na mbuna, kwa desturi, huwekwa wengi ili ugomvi usimwelemee mmoja. Wengi maana yake uchafu mwingi. Kwa mkuu wa Ilazo, robo ya maji kila wiki si anasa.

Mdogo wangu wa Nzuguni, tafuta vijiti vya kupimia nitrati. Pima tenki, halafu pima na bomba lako, maana maji ya kisima yanaweza kuja na nitrati yake kutoka ardhini.

#5 Mama Mchicha

Habari zenu wapendwa. Mimi niko Kikuyu, tenki langu lita 80, gapi 12 na konokono, majani mengi. Kwa wiki natumia dakika 25. Sijisifu, naeleza tu kwa nini.

Samaki wachache. Hilo ndilo la kwanza na la mwisho. Kila samaki unayemwongeza anakuongezea dakika za Jumamosi, lakini dukani hatufikirii hivyo, tunaona rangi tu.

Halafu majani. Nina yale marefu kama utepe, vallisneria, yanakubali maji yetu bila shida. Majani yanakula amonia na nitrati. Nayapunguza kwa mkasi kila baada ya wiki mbili na yaliyokatwa nawapa kuku.

Na taa. Zamani nilikuwa nawasha asubuhi mpaka tunalala, nikawa nasugua ukijani kila siku mbili. Sasa ni saa 7 kwa siku, basi. Tenki pia nililitoa kwenye dirisha la magharibi; jua la Dodoma saa 10 jioni likipiga kioo, hakuna mkono utakaoshinda mwani.

Kaka wa Ilazo, mbuna wako wangeyatafuna majani, hilo sikushauri. Taa unawasha saa ngapi?

#6 Mkazi wa Ilazo

Dada, saa 12. Watoto wanawasha wakiamka na inazimwa tukienda kulala. Naanza kuona dakika 16 za vioo zinatoka wapi.

#7 Nzuguni Njia Panda

Mkuu, umesema njia za mkato zilishakuulia samaki. Ilikuwaje?

#8 Mkazi wa Ilazo

Ilikuwa mwaka wa pili wa ufugaji. Mgao ulikuwa umekatika siku kadhaa, maji yaliporudi nilikuwa na haraka, tuna msiba Mpwapwa. Nikaona badala ya kukamulia sponji kwenye ndoo, nizioshe zote mbili kwa maji ya bomba, zing'ae, dakika tatu nimemaliza. Zikang'aa kweli. Nikabadilisha na maji, moja kwa moja kutoka bombani.

Klorini iliyowekwa ili sisi tusiugue ndiyo iliyoua bakteria wa kwenye sponji. Tuliporudi siku ya pili maji yalikuwa na ukungu kama maji ya mchele, samaki wote wako juu wanatweta. Nilikuwa na 17 wakati ule. Kwa siku nne nilitoa 9. Yule dume wa bluu ambaye binti yangu alimpa jina alikufa usiku wa tatu, na asubuhi binti aliniuliza kama maji yalimuuma. Nilimjibu ndiyo, kwa sababu ni kweli.

Tangu siku hiyo sponji naikamua kwenye ndoo yenye maji yaliyotoka kwenye tenki lenyewe, tena moja tu. Nyingine inasubiri wiki mbili. Dakika hizo sizihurumii.

#9 Fundi Vioo

Poleni sana mkuu. Mimi natengeneza matenki, niko upande wa Chang'ombe, na nimeingia nyumba nyingi za wafugaji. Nikisoma mahesabu yako naona tatizo ni la bomba, si la samaki. Dakika 52 za kubeba maji zinaweza kushuka chini ya 10. Sikiliza.

Nunua pipa la plastiki la lita 100 lenye mfuniko, jipya au lililobeba chakula, lisiwe lililobeba kemikali. Liweke ndani, karibu na tenki, nyuma ya mlango au kwenye kona ya dirisha. Siku ya mgao lijaze kwa mpira. Tumbukiza jiwe la hewa la pampu ndogo, liache lipige mapovu saa 24 au zaidi. Klorini ya kawaida inaondoka yenyewe. Na kwa kuwa pipa limelala chumba kimoja na tenki, joto lake linakaribiana na la tenki. Habari ya kuchemsha maji na kuchanganya inakufa hapo hapo, isipokuwa Juni na Julai ambapo usiku unashuka hadi nyuzi 14 hivi na tenki lina hita. Kipindi hicho ongeza birika moja la moto, pima, tofauti isizidi nyuzi 2.

Kisha pampu ndogo ya kuzama, ile ya chemchemi za bustani. Iweke ndani ya pipa, mpira uelekee kwenye tenki, washa. Lita 40 zinapanda zenyewe huku unakunywa chai.

Kutoa maji ni rahisi zaidi. Mpira mrefu, mita 8 au 10, kutoka kwenye tenki kupitia dirishani mpaka nje. Usinyonye kwa mdomo, ujaze maji kwanza, ziba ncha kwa kidole, shusha, achia. Sakafu inabaki kavu, deki huna.

Jambo moja la usalama ambalo nalirudia kila nyumba: kabla hujashusha maji, chomoa hita ukutani na uiache ipoe. Hita ya kioo ikitoka nje ya maji ikiwa imewaka, inapasuka. Na ekstensheni isikae sakafuni chini ya tenki. Waya unaotoka kwenye tenki uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke chini lisifike kwenye umeme.

#10 Mwananchi wa Nkuhungu

Naomba nisieleweke vibaya, nasema kwa moyo safi. Mtaani kwetu kuna wiki maji yanatoka siku moja. Kuna mama jirani ananunua dumu. Halafu tunajadili kumwaga lita 40 kila wiki kwa ajili ya samaki wa kutazama. Kwangu hili ni gumu.

#11 Mkazi wa Ilazo

Ndugu yangu, umesema kitu ambacho nimekifikiria sana na sitakijibu juu juu. Lita 40 ni kama kuvuta choo mara tano au sita. Hilo ni kweli, na kuwa sisi sote tunavuta choo haliondoi uzito wa swali lako.

Ninachoweza kukwambia ni kwamba tangu mwaka jana hakuna lita inayokwenda kwenye mtaro. Maji machafu ya tenki yana nitrati, na mboga zinaitaka hiyo nitrati. Nina mistari mitatu ya mchicha na mpapai mmoja, na wiki ya mgao mgumu sinyweshei bustani kwa maji mengine yoyote. Yaani maji yale yanafanya kazi mbili. Ningekuwa sina bustani, nakiri ningepunguza tenki.

#12 Mama Mchicha

Mimi ndiyo maana nikajiita hivi. Mchicha wangu wa maji ya tenki, majirani wanauliza naweka mbolea gani. Tahadhari moja: kama umeweka dawa ya samaki wiki hiyo, au chumvi, maji hayo usinyweshee mboga.

#13 Mwananchi wa Nkuhungu

Nimekuelewa kaka. Kama yanakwenda bustanini, moyo wangu umetulia.

#14 Mwisho wa Reli

Suala la mvua halijaguswa. Kuanzia Desemba mpaka Aprili bati zinatupa maji laini ya bure. Wapo watakaoshawishika kubadilisha tenki zima kwa maji ya mvua. Kwa mbuna na wa Tanganyika msifanye hivyo, maji ya mvua hayana madini na pH itayumba. Lakini kwa kufidia yale yaliyokauka ni mazuri mno, kwa sababu hayaongezi chumvi juu ya chumvi. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati, vumbi la miezi saba liko juu pale. Ya pili ndiyo mkinge.

Na ule mstari mweupe kwenye kioo, pale maji yanapoishia, ambao wengi mnaukwangua kwa wembe nusu saa: shusha maji, pitisha kitambaa chenye siki au ndimu kwenye mstari, subiri dakika tano, futa kwa kitambaa cha maji. Siki isichuruzike ndani.

#15 Fundi Vioo

Nakubali la siki. Wembe unakata silikoni ya pembeni, tenki linaanza kuvuja na lawama zinakuja kwangu.

#16 Mkazi wa Ilazo

Wakuu, nimerudi baada ya wiki 5 na daftari langu.

Pipa nimelipata Majengo, sokoni, lilikuwa la mafuta ya kula. Kuliosha mafuta yakaisha kulinichukua jioni mbili za maji ya moto na majivu, bila sabuni. Pampu na mpira vilikuwepo kwa wauza vifaa vya bustani. Kwetu mgao ni Alhamisi, kwa hiyo pipa linajazwa Alhamisi usiku na kufikia Jumamosi limepiga mapovu zaidi ya saa 24.

Taa sasa ni saa 7, kwa soketi yenye saa yake, watoto hawaigusi. Chakula mara moja kwa siku, kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, na Ijumaa hawali kabisa. Vifaa vyote, mpira, sponji ya vioo, kadi ya plastiki ya kukwangulia, mataulo, vimo kwenye ndoo moja niliyoiandika SAMAKI TU, na sabuni haijawahi kuigusa.

Vipimo vya Jumamosi iliyopita: maji dakika 8, vifaa 2, vioo 7, changarawe 18, filta 10, kufuta na kuanika 10. Jumla 55. Wiki isiyo ya filta ni 45.

Mnaona changarawe imepanda kutoka 15 hadi 18. Hiyo nimeiongeza kwa kusudi. Zamani nilikuwa nafika hapo nimeshachoka kwa ndoo, napitisha mpira juu juu. Sasa nasogeza mawe mawili kila wiki na kuvuta uchafu wa chini yake, kwa zamu. Uchafu nilioukuta chini ya jiwe kubwa la kushoto ulinisikitisha, ulikuwa mweusi na una harufu. Mwenye mawe mengi, usidanganywe na changarawe ya mbele inayoonekana.

Na kitu kimoja sikukitegemea. Nikimaliza mapema nakaa kwenye kiti mbele ya kioo. Jumamosi ya tatu nikaona jike mmoja hali, kidevu kimevimba, anajificha nyuma ya bomba la filta. Amebeba mayai mdomoni. Mbuna hubeba wiki tatu hivi. Pengine walishabeba mara nyingi huko nyuma nami nikiwa nimeinamia deki. Binti yangu amechora kalenda ukutani na anakata siku.

#17 Mama Mchicha

Hongera jamani! Mtengee maficho, nyufa ndogo za mawe, vifaranga vikitoka vipate pa kuingia. Na wiki hizo usisogeze mawe ya upande wake, akishtuka anaweza kuwatema.

#18 Mkazi wa Ilazo

Asante dada, upande wa kulia siugusi mpaka atoe.

#19 Nzuguni Njia Panda

Wakuu, nimepata vijiti vya kupimia. Bomba langu limeonyesha nitrati kama miligramu 10 kwa lita. Tenki limefika mwisho wa rangi kabisa, nyekundu iliyokolea, kijiti kinaandika 250. Nimetishika. Nimeshaandaa ndoo tatu nitoe maji yote usiku huu.

#20 Mwisho wa Reli

Simama hapo hapo, usitoe yote! Gapi wako wamezoea maji hayo pole pole kwa miezi mitatu. Ukiwatia kwenye maji mapya ghafla, mabadiliko ndiyo yatakayowaua, tena usiku huu huu.

Toa lita 6 leo, rudisha lita 6 zilizolala na kupigwa hewa. Kesho kutwa lita 6 tena. Endelea hivyo, ukipima kila baada ya siku nne. Ikishuka chini ya 40 ndipo uingie kwenye ratiba ya robo kwa wiki, ambayo kwako ni lita 15, ndoo haijai hata moja. Chakula punguza nusu kuanzia sasa.

#21 Nzuguni Njia Panda

Nimeelewa mzee wangu. Maji ya ndoo ni ya bomba la jioni hii, hayajalala. Nisubiri?

#22 Mwisho wa Reli

Subiri hadi kesho jioni, na pampu ya hewa iwe ndani ya ndoo. Wamekaa miezi mitatu, usiku mmoja hautawadhuru. Kesho ukimaliza andika hapa samaki wanaogeleaje.